Kiu ya Nei Kabane

Mwezi wa saba wa ukame, visima vyote vya kisiwa cha Betio vilipokwisha kuingiwa na chumvi, maji ya kisima cha Nei Toreka yaligeuka matamu. Si utamu wa maji safi. Ulikuwa utamu wa tembo la mnazi lililogemwa asubuhi, hata nzi wakawa wanajipanga kwenye ukingo wa ndoo.

"Hao ni wazee wetu wanatukumbuka," alisema shemeji yake, Ten Bakoa, mwenye kiwanja chenye kisima hicho na vyumba sita vya wapangaji. "Kunywa, shemeji, na majirani usiwatangazie."

Mume wa Toreka alikuwa baharini kwenye meli ya mizigo, na gari la maji lilikuwa halijapita wiki mbili. Akanywa. Akampa na mwanawe Tibwere, mtoto wa mwaka na miezi miwili.

Siku ya tatu nyumba ikaanza kunuka kombe za baharini zilizooza. Toreka alifua mikeka, akaianika, na harufu ikabaki pale pale. Ilitoka upande wa kisima, alikozikwa mama mkwe wake, Nei Kabane, mwezi wa tatu wa ukame. Kisha akasikia mtu anafyonza maji, polepole, kama anayenywa na ulimi umevimba. Akachungulia kisimani. Hakuona mtu, ila maji yalikuwa yanatetemeka.

Alasiri hiyo Tibwere akaanza kuhara. Yalikuwa maji matupu, meupe kama maji ya kuoshea mchele. Kulipopambazuka macho yake yalikuwa yameingia ndani na alilia bila machozi. Toreka akanyoosha mkono achukue kikombe.

"Usimpe maji, mwanangu," ilisema sauti ya Nei Kabane nyuma ya sikio lake. "Yakiingia juu yanatokea chini. Mkaushe, tumbo lifunge."

Toreka akakiacha kikombe. Maneno hayo aliyajua. Mwaka uliopita, Nei Kabane akiwa hai, aliyasema juu ya mkeka ule ule aliolalia Tibwere sasa, Teuea, binti wa Toreka wa miaka mitatu, alipokuwa anahara. Toreka alimtii mkwewe. Teuea alikufa siku ya pili ulimi umegandamana na kaakaa, akiomba maji mpaka sauti ikamkauka.

Alimbeba Tibwere akakimbia naye zahanati.

Nesi, Nei Maerere, aliifinya ngozi ya tumbo la mtoto. Ikarudi polepole, kama kitambaa kilicholowa. Akapapasa utosi uliobonyea.

"Choo kina damu?"

"Hapana."

"Amekojoa lini mara ya mwisho?"

"Jana mchana."

"Mnakunywa maji ya wapi?"

"Kisima chetu."

"Yamechemshwa?"

Toreka akainamisha kichwa.

"Na choo kiko wapi?"

Alitaka kusema hawana choo, wanakwenda ufukweni kama watu wengine. Ndipo akakumbuka choo cha wapangaji ambacho Bakoa alikijenga mwezi wa nne wa ukame nyuma ya ua wa mabati. Akahesabu kichwani. "Hatua nne kutoka kisimani," akasema.

"Wewe ni wa tano tangu jana kutoka kiwanja cha Bakoa," Nei Maerere alisema, uso umekunjamana kwa hasira. Akatia choo cha mtoto kwenye kichupa. "Hiki kinaenda maabara, tujue kama ni kipindupindu. Lakini kitakachomuua mapema ni kukauka. Dripu nimezimaliza jana. Bado anameza, kwa hiyo wewe ndiye dripu yake. Kaa hapo barazani na wenzako. Haya maji yamechemshwa, yana chumvi na sukari ya paketi. Kijiko kila dakika. Akitapika, ngoja dakika kumi, anza tena. Ziwa usimnyime. Vidonge vya zinki nitakupa."

"Nesi," Toreka alinong'ona, "kuna kitu nyumbani. Kinaniambia nisimpe."

Nei Maerere hakucheka. "Basi kinapenda watoto waliokauka. Mpe maji."

Akina mama watano, Toreka na wapangaji wanne, wakaketi barazani, kila mmoja na kijiko chake. Jua la saa sita lilikuwa jeupe juu ya mchanga. Tibwere alimeza, akatapika, akameza tena. Kisha ile harufu ya kombe ikapanda ngazi.

Mama wa mwisho kule pembeni akaweka kijiko chini. "Mama anasema nisimpe," alinong'ona, akitazama mbele kama aliyelala macho wazi. Wa pili akaweka chini, na wa tatu, na wa nne, na kila kijiko kilipogusa sakafu harufu ilisogea, na Toreka akaona alama za miguu iliyolowa zikijichora kwenye saruji, moja baada ya nyingine, bila mtu juu yake, zikisimama mbele ya kila mtoto kwa muda wa mfyonzo mmoja mrefu, na kila tumbo dogo likibonyea kama linalonyonywa kwa nje, mpaka zikafika miguuni pake, na ile sauti, laini, ya mama kabisa, ikasema: mwanangu, mkaushe.

Hofu ikamwisha. Kilichobaki kilikuwa hasira ya mwaka mzima.

"Ulimuua Teuea kwa kiu!" alipiga kelele. "Na mimi nilikutii, nikamnyima kikombe! Huyu humpati! Ninyi, okoteni vijiko! Okoteni! Huyo si mama yako, mjinga wewe, mtoto anakufa mkononi mwako!"

Akampiga kofi jirani yake. Mwanamke akashtuka, akaokota kijiko. Mwingine akaokota. Nei Maerere akatoka mbio, akambeba mtoto wa mwisho, akaanza kumnywesha mwenyewe. Kijiko kwa kijiko, mlio wa kunyonya ukageuka kilio kikavu, alama zikaanza kukauka juani. Saa tisa, kitu cha moto kikamwagika mapajani mwa Toreka. Tibwere alikuwa amekojoa. Toreka akachota kijiko kingine.

Jioni, watoto wakiwa na nesi, wanawake watano waliingia uani kwa Bakoa na mitaimbo. Barazani kwake yalikuwa yamepangwa madumu ya maji ya kununua.

Toreka alichota kisimani, akampa kikombe. "Kunywa, shemeji."

"Sina kiu."

"Ulijua."

"Wapangaji walitaka choo, ningefanyaje? Kiwanja ni kidogo!"

"Ukamchimbia mama yako choo miguuni. Ukatunywesha."

Bakoa akamwaga yale maji mchangani, akaingia ndani, akafunga mlango. Wanawake wakavunja sakafu ya choo, wakakijaza kisima mawe mpaka juu, wala hakuna aliyewazuia. Walipokuwa wanajifuta jasho wakamsikia Bakoa kule ndani, peke yake, akiongea kwa sauti ya mtoto mdogo.

"Hapana, mama. Keti tu. Nakuletea maji. Hapana, mama, si kutoka mwilini mwangu."