Ekzosi ya Merikit

Haya yalimpata rafiki yangu Hamuza, aliyekuwa akisafirisha pamba Tororo zamani za Mwingereza. Ekzosi ya Landrova yake, lile bomba la moshi, ilioza kwa kutu, akaenda kung'oa nyingine kwenye gari lililopinduka njia ya Merikit na kumuua dereva. Wapita njia walikuwa wameweka majani mabichi pale alipofia, kwa heshima ya marehemu, mengine wameyasokomeza kwenye bomba lenyewe. Hamuza akayachomoa, akayatupa.

Nyumbani alilala chini ya gari tangu asubuhi. Nati zilikataa kushika, kutu ikamwingia machoni, spana ikamchubua vidole, akalaani gari na aliyeliunda. Kazi ilipoisha, akapiga stata. Gari likakohoa, likazimika.

Akachungulia bomba. Lilikuwa limejaa majani mabichi.

"Zulaika! Nani nacheza na mimi?"

"Mimi niko hapa nafua tangu asubuhi," mkewe akajibu. "Hakuna mtu amepita."

Akayachomoa kwa hasira, akapiga stata tena. Likazimika. Majani yaleyale.

Mara ya tatu hakuliwasha. Alipiga magoti nyuma ya gari, akayatoa yote mpaka akaona giza tupu, kisha akaziba mdomo wa bomba kwa kiganja.

"Haya, weka sasa nione!"

Halafu mle ndani, kutoka upande wa injini, akasikia mchakacho ukija polepole.

Jua lilikuwa la utosini. Majani yaliyomgusa kiganjani yalikuwa na umande.