Silikoni ya Beseni la Marehemu

Jua lilikuwa linazama Mildred alipotoka dukani Tororo na mrija wa silikoni, ile gundi ya kuziba nyufa za bafuni, mkobani. Haukuwa wa kwanza. Silikoni ya fundi Kevo ilichanika kabla ya wiki kuisha, na ya fundi aliyemfuata hivyo hivyo. Mildred aliwaita wote wawili wapumbavu, akampigia simu fundi Okiror wa Kwapa.

Nyumbani, upande wa Rubongi, shemeji yake Obore alikuwa amekaa barazani kama mwenye nyumba.

“Mulamu, ile ukuta bado nalia,” alisema. “Ni marehemu kaka yangu nalia humo. Jumamosi ukoo wanakuja. Wakikuta iko na maji, mganga wa Majanji ataingia, na wewe utarudi kwenu Kenya.”

“Ukuta haulii, Obore. Unavuja. Ungekuwa mtu wa kuoga ungejua tofauti.”

Obore akatema mate, akaenda zake.

Kisa chote kilikuwa beseni la kuogea, lile la kulala mtu mzima, lililozungukwa na vigae vyeupe. Chrispinus, marehemu mumewe, mtu mnene mwenye kishindo, alilileta kwa lori kutoka Busia. Kila jioni alijilaza humo. Mildred hakulipenda hata siku moja. Mtu na akili zake kulala katika uchafu wake! Kila jioni alisimama mlangoni na maneno yale yale: “Toka humo, mzee. Maji yamepoa.”

Humo ndimo moyo wa Chrispinus ulimosimama, wiki ile ya kabla ya Pasaka. Tangu hapo Mildred alioga kwa ndoo, amesimama kando, maji yakirukia vigae na kupenya kwenye ufa kati ya beseni na ukuta. Ndani ya beseni hakuingia mtu.

Okiror alifika, akakata silikoni kuukuu kwa wembe. Akainua utepe mrefu, akautazama.

“Mama, nani naoga humu?”

“Hakuna.”

“Hii haikuoza. Imevutwa. Mtu akiingia, beseni nashuka kidogo, naacha ukuta, silikoni nachanika. Hii ni uzito.”

“Uzito wa nani? Naishi peke yangu na Mungu wangu. Au nawe umetumwa na Obore?”

Okiror aliweka kizibo. Alifungua bomba.

“Tunajaza maji kwanza, beseni ishuke yote. Ndiyo napaka. Acha maji ikae mpaka silikoni ikauke vizuri. Ukitoa maji, beseni itapanda, silikoni itajikunja kidogo. Ukiona imejikunja, iko sawa.”

Alijaza, akafunga bomba. Akapaka polepole, akalainisha kwa kidole chenye sabuni. Kisha mkono wake ukasimama.

Maji yalikuwa yanapanda.

Bomba lilikuwa limefungwa. Yalipanda taratibu... yakafika ukingoni... yakamwagika juu ya miguu yao. Halafu yakatulia.

“Umejaza kupita kiasi,” Mildred alisema.

“Mama...” Okiror alinong’ona. “Mimi nakwenda.”

Hata wembe wake aliuacha.

Mildred akapiga deki huku akiimba wimbo wa kanisani, kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Mungu hakumwachia nyumba ili aogope maji ya bomba. Hata hivyo, kesho yake hakuchomoa kizibo. Wala keshokutwa. Alijiambia anaipa silikoni muda.

Jumamosi ukoo ulikuja. Ukuta ulikuwa mkavu. Wazee waliupapasa wakatazamana. Obore aliupapasa mwisho, juu na chini, kama anatafuta mlango.

“Papasa tena, mulamu,” Mildred alimwambia. “Labda ukuta unaona haya kulia mbele ya wageni.”

Wakacheka wote isipokuwa yeye. Wakanywa chai, wakaondoka. Mganga hakutajwa. Nyumba ilikuwa yake.

Jioni hiyo, giza likianza kuingia, Mildred alimshukuru Mungu, akaenda kuchomoa kizibo. Maji yakagugumia... yakaisha. Akainama kutazama silikoni.

Haikujikunja.

Akasubiri. Bado ilikuwa imenyooka, vile vile alivyoiacha Okiror. Beseni lilikuwa tupu, na halikuwa limepanda.

Harufu ya sabuni ikamfikia. Yeye alikuwa hajaoga.

Alirudi kinyumenyume hadi mlangoni. Alitaka kusali. Kinywa kikatoa maneno mengine, yale ya kila jioni, na dharau yake ile ile.

“Toka humo, mzee. Maji yamepoa.”



Kisha beseni likalia... kwiii... kama kitanda kinapoachwa na mtu mzito. Silikoni ikajikunja kuzunguka vigae vyote, vizuri kabisa, kama alivyosema fundi.

Sasa lilikuwa tupu kweli.

Na chumba kile kilikuwa na mlango mmoja tu, na aliyeuziba alikuwa Mildred.