Pumzi ya Pili

Mishale ilicheza kabla hajafungua wimbo wowote.

Ilikuwa mchana kweupe. Programu ndiyo kwanza imemaliza kujisakinisha, spika hazijachomekwa hata waya. Mishale miwili ya kupimia sauti ikapanda taratibu, ikashuka. Ikapanda, ikashuka. Kama kifua cha mtu aliyelala.

"Usinianze," Fundi aliiambia kompyuta.

Ilikuwa ya dada yake, Chiriku. Kuukuu mno, haikukubali mfumo wowote ila Linux. Na programu hii ya bure, iliyoandikwa na watu asiowajua na kuachwa wazi kwa yeyote, ndiyo pekee iliyokubali kukaa humo.

Chiriku alikuwa mwimbaji. Kabla homa haijamchukua alirekodi wimbo mmoja, humu humu chumbani, na tangu mazishi mama yao hakulia wala kuomba kitu kingine. "Ung'arishe, mwanangu, nimsikie vizuri. Mara moja tu." Kung'arisha nyimbo za watu ndiyo kazi iliyompa Fundi jina. Huu alikuwa akiukwepa.

Akachomeka spika, akaufungua. Akafanya afanyavyo siku zote: kupandisha yaliyo chini, hata mnong'ono usikike. Sauti ya dada ikasogea, karibu kabisa, na machozi yakamlenga. Ndipo akasikia kwamba kila Chiriku alipovuta pumzi baada ya mstari, mwingine chini yake alivuta pia, akichelewa kidogo, na Fundi alivyozidi kupandisha ili ajiridhishe kuwa ni kelele tu za maikrofoni, ndivyo pumzi ile ilivyozidi kunona, na harufu ya udongo mbichi ikajaa chumbani ingawa madirisha yalikuwa yamefungwa, mpaka wimbo ulipokwisha na mstari wa sauti kwenye skrini ukawa bapa, na ndani ya ukimya ule kitu kikasema, kwa upole, "Pandisha."

"Nani huyo anapumua na mwanangu?" Mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Mashine tu, mama."

"Mashine ina mapafu?"

Wakamwita tabibu, jirani yao. Akaingia na kandambili zake na kikohozi chake.

"Nimetoa majini kwenye watu, kwenye visima, hata kwenye cherehani," alinong'ona. "Kompyuta ndiyo leo." Akavaa vipokea sauti, akasikiliza. Mzaha ukamwisha usoni. "Huyu ndiye aliyeondoka na dada yako. Alikuwa amejilaza chini kabisa, binti, wewe ukamnyanyua. Mimi nitasoma dua, wewe mfute. Na mama asimsikilize tena. Jini akitoka humu atatafuta pa kukaa."

Tabibu akaanza kusoma. Fundi akafuata njia ya kazi yake: unachagua kipande cha ukimya kabla ya wimbo, unaiambia programu, huu ndio uchafu, ondoa kila kinachofanana nao. Alifanya haraka. Akasahau kuweka nakala, kosa ambalo asingelifanya kwa wimbo wa mteja yeyote. Akasahau pia kwamba ndani ya kipande kile Chiriku alikuwa akivuta pumzi, tayari kuimba.

Programu haikujua kuwatenganisha. Ikafuta. Ikahifadhi.

Mstari ukawa bapa mwanzo hadi mwisho. Harufu ikatoweka.

"Amekwenda," tabibu alisema.

"Wamekwenda wote wawili, baba." Fundi akalia kama siku ya mazishi, zaidi ya siku ya mazishi.

Alipomaliza kumsindikiza tabibu na kurudi, alimkuta mama kitini, amevaa vipokea sauti, macho ameyafumba, mashavu yamelowa.

"Mama, vua. Hamna kitu humo, nisamehe, nimemfuta..."

"Nyamaza, namsikia." Akatabasamu.

Waya wa vipokea sauti ulikuwa umelala sakafuni, haukuchomekwa popote. Mama, ambaye maisha yake yote hakuwahi kushika tuni hata moja, akafungua mdomo na kuimba, sauti ya Chiriku yenyewe, nyororo, bila kukosea neno.

Na kila alipomaliza mstari, alivuta pumzi mara mbili.