Barua ya Mama Émérence kwenye Kompyuta ya Biro

Yvette alifanya kazi katika biro, yaani ofisi, ya mizigo, karibu na bandari ya Kalemie. Barua pepe za ukoo mzima zilipitia anwani yake ya kazi. Shemeji aliyeko Ankoro alituma picha za watoto. Mjomba aliyeko Pepa alituma habari za ng'ombe wake, ndefu kuliko mahubiri. Yvette alinung'unika, lakini jioni aliwasimulia wote nyumbani.

Barua moja hakuisimulia. Ilitoka kwa daktari wa Lubumbashi. Ilikuwa na majibu ya vipimo vya mama mkwe wake, Mama Émérence: saratani ya titi, ila bado inatibika. Mama Émérence, kiongozi wa kwaya, aliomba habari hiyo isitoke kwanza. Yvette alimpenda kama mama yake mzazi, akanyamaza.

Sasa Yvette alikuwa anaacha kazi. Meza yake ilipewa Bibiane, mwimbaji wa kwaya ileile. Bibiane ana moyo mzuri, ila hana kifua cha kutunza siri. Basi Yvette aliifuta barua ya daktari, akaanza kuaga.

Samy, fundi wa kompyuta wa biro, alipokuja kumwandalia Bibiane kompyuta, alimwomba Yvette afungue mahali palipoandikwa "Corbeille". Barua ilikuwa pale, nzima.

"Mama Yvette, hapa njo pa takataka," Samy alisema. "Umeitupa, lakini haiyatoka ndani ya nyumba. Muntu yeyote anaweza kuiokota."

Walifanya kazi pole pole. Kwanza Yvette alituma barua ya daktari na picha za watoto kwenye anwani yake binafsi, anayoifungua kwenye simu. Kisha akafuta zote za binafsi, na nakala zilizobaki kati ya zile alizotuma, akaimwaga Corbeille. Alidhani wamemaliza. Samy akafungua "Téléchargements", na karatasi ya vipimo ilikuwa huko pia, kwa kuwa Yvette aliwahi kuipakua. Waliifuta, wakamwaga na takataka za kompyuta yenyewe. Barua za kazi hawakuzigusa, hizo ni za biro. Biro pia huweka akiba ya barua zote mahali pengine, kwa hiyo Samy alimwomba mkubwa wa biro ruhusa, akazitoa za binafsi huko nako.

Nyumbani, Mama Émérence alikuwa akichambua ndakala, dagaa wa ziwani. Yvette alikaa karibu naye, akamweleza yote bila kuficha.

"Imetoka kabisa?" Mama aliuliza.

"Kabisa, Mama. Hata kwenye takataka."

Mama Émérence alimshika mkono. "Aksanti, mutoto wangu. Sasa ni mimi nitasema. Nataka habari ianzie kwa mudomo wangu."

Jumapili, baada ya mazoezi, alimketisha Bibiane kando yake, akamwambia yeye wa kwanza. Kesho yake, kwa mdomo wa Bibiane, kwaya yote ilijua, kama Mama alivyotaka. Siku ya safari ya kwenda kutibiwa, waliimba njia nzima hadi uwanja wa ndege. Mfuko wake aliubeba Bibiane.