Begi la Germana

Julai ya mwaka 2011 baridi ilikuwa kali Tunduma. Asubuhi moshi wa jikoni ulikaa chini chini, haukutaka kupanda. Restuta alijifunga vitenge viwili, akaketi nje ya nyumba yake pale mtaani Chapwa, akaanza kuchambua maharage kwenye ungo.

Restuta alikuwa mjane wa miaka hamsini na sita. Aliishi na mwanawe Venance na mkwewe Germana. Venance alikuwa fundi wa matairi ya malori kule mpakani. Alitoka alfajiri na jeki yake, akarudi jioni na mikono myeusi. Siku nyingine aliitwa hata ng'ambo ya mpaka, Nakonde, lori likiharibikia huko.

Germana alikuwa na ujauzito wa kwanza. Mwezi wa nane wa mimba ulikuwa unaelekea kuisha. Kwao ni Galula, mbali na Chapwa, kwa hiyo mama yake mzazi hakuwa karibu. Restuta ndiye aliyekuwa mama yake wa kila siku. Walipendana. Germana hakuwahi kumpa mama mkwe wake maji bila kupiga magoti, na Restuta hakuwahi kumwacha abebe ndoo.

"Unga umeisha, mama," Germana alisema siku hiyo.

"Kaa. Nitapima mahindi mwenyewe, niyapeleke mashineni."

Restuta akachukua debe, akaingia stoo. Alivuta gunia la kwanza. Alipovuta la pili, akaona begi la bluu, jipya, limesukumwa hadi ukutani. Akalifungua. Ndani mlikuwa na khanga, taulo na kofia ndogo ya sufu. Chini ya kofia palikuwa na soksi ndogo mno. Jozi nzima ilienea kwenye kiganja chake.

Akakaa juu ya gunia.

"Germana! Njoo huku."

Germana akaja. Alipoona begi, akainamisha kichwa.

"Hivi ni vya nani?"

"Vya mtoto, mama."

"Mtoto yupi? Wewe umeshazaa?"

"Tuliambiwa kliniki, mama. Walisema tuandae mapema."

"Na ukaja kunifichia ndani ya mahindi yangu!" Sauti ya Restuta ilikuwa na hofu zaidi kuliko hasira. "Mtoto hajazaliwa, unamnunulia soksi. Unajua unachokiita humu ndani?"

Machozi yalimdondoka Germana kimya kimya. Restuta alibeba begi hadi chumbani kwake, akalitia ndani ya sanduku la bati, akafunga kufuli. Ufunguo akaufunga kwenye pindo la khanga.

Jioni Venance aliporudi aliona wanawake wote wawili wamenuna. Akaelezwa.

"Mama, mimi ndiye niliyempa hela akanunue," alisema. "Nesi alituambia sote wawili."

"Nesi hakuwepo mimi nilipozika," Restuta alisema. Akainuka, akaingia ndani.

Venance akabaki ameshika sahani. Alijua kwamba kabla yake mama alizaa mtoto mwingine aliyefariki. Zaidi ya hapo hakuwahi kuambiwa, naye hakuwahi kuuliza.

Alhamisi ilikuwa siku ya kliniki. Restuta alisema atamsindikiza Germana. Moyoni alikuwa na lake. Alitaka kumwambia nesi aache kuwafundisha mabinti mambo ya mikosi.

Nesi aliitwa Jenista. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alimpima Germana tumbo na presha, akamtoa damu kidogo, akaandika kwenye kadi. Kisha akasema, "Mtoto amekaa vizuri. Lakini damu yako bado ni kidogo. Endelea na vidonge vya kuongeza damu, na mboga za majani usiache. Je, vifaa umeshaandaa?"

Germana akamtazama mama mkwe wake.

"Nimevifungia mimi," Restuta alisema. "Nesi, samahani, mimi sina kisomo. Ila najua ninachokijua. Ukimwandalia mtoto kabla hajaja, haji."

Jenista hakucheka. Aliweka kalamu chini, akafunga mlango.

"Ilikutokea wewe mwenyewe, mama?"

Huko nje watoto walikuwa wanalia, wanachomwa chanjo. Restuta akaanza kusema, macho yake yakiwa sakafuni.

"Mwaka sabini na nne. Tulikuwa Itaka. Nilikuwa binti wa miaka kumi na tisa. Nilinunua kitambaa cha flana chenye picha za vifaranga, nikashona vigauni vitatu kwa mkono. Nilivipenda! Nikawa navitoa kila siku kuvitazama. Uchungu ukaanza Jumapili. Jumanne jioni ndipo mtoto akatoka. Alikuwa wa kiume. Hakulia. Wakamvika kigauni kimoja, wakamzika nacho. Wanawake wakasema, umemwandalia mapema, umemwonyesha kwa wabaya."

Germana aliweka mkono begani kwa mama mkwe wake. Hakuwahi kuthubutu kumgusa hivyo.

"Pole sana, mama," Jenista alisema. "Naomba nikuulize. Jumapili mpaka Jumanne ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Hospitali hamkwenda?"

"Tungeendaje? Gari halikuwepo. Mume wangu alianza kulitafuta Jumatatu, hali ilipokuwa mbaya. Akapata lori la kahawa. Dereva akasema linaondoka Jumatano."

"Uchungu wa siku mbili ni hatari kubwa," Jenista alisema taratibu. "Mtoto anachoka humo ndani, anakosa hewa. Siwezi kujua yote yaliyotokea siku ile, sikuwepo. Lakini nimezalisha kwa miaka kumi na minane. Nimewaona watoto wakifa kwa kuchelewa. Sijamwona hata mmoja aliyeuawa na kigauni. Wewe hukumuua mwanao, mama."

Restuta alijifunika uso kwa khanga. Alikaa hivyo kwa muda mrefu, na nesi hakumharakisha. Alipojifunua, macho yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa imetulia.

"Sasa begi lina kazi gani? Si vifaa vipo hapa?"

"Vipo, lakini siku nyingine huisha. Na nguo za mtoto hatuna. Uchungu ukianza, watu huchanganyikiwa. Mmoja anatafuta khanga, mwingine anatafuta kadi, saa zinakwenda. Begi likiwa tayari, mnainuka tu mnaondoka. Na gari nalo liandaeni. Mzungumze na mwenye nalo sasa hivi, mchukue namba yake. Damu ya Germana ni kidogo, sitaki azalie njiani."

Walirudi nyumbani pole pole. Walipofika, Restuta alikwenda moja kwa moja chumbani, akafungua kufuli, akatoka na begi la bluu.

"Leta mkeka," alisema.

Walitandika mkeka juani, wakatoa kila kitu. Germana alisoma karatasi aliyopewa kliniki, na Restuta akapanga. Khanga nne, zilizofuliwa na kukaushwa vizuri. Mpira wa kutandika kitandani. Glavu, pamba, wembe mpya ndani ya karatasi yake, na vibanio vya kitovu. Nguo mbili za kubadilisha za mama, chupi, pedi, kandambili na sabuni.

"Hizi khanga tatu ni za mtoto peke yake," Restuta alisema. "Nesi kasema za kumfutia na za kumfunika zisichanganywe. Na blanketi liko wapi?"

"Sijanunua, mama."

"Na baridi hii! Mwanangu, ulitaka kumfunika mjukuu wangu kwa soksi?"

Germana akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya stoo. Kesho yake Restuta alikwenda sokoni mwenyewe, akarudi na blanketi la njano. Aliongeza kikombe, kijiko na sukari kidogo ya uji. Kadi ya kliniki waliiweka kwenye mfuko mdogo wa mbele, ionekane upesi.

Venance naye alitimiza lake. Alikwenda kwa jirani yao Makene, mwenye teksi, wakapatana. Nauli akaiweka kwenye bahasha ndani ya begi. Namba ya Makene akaiandika kwa kalamu nene ukutani, karibu na mlango.

"Ukuta wangu huo!" Restuta alilalamika.

"Utapakwa chokaa, mama. Simu inaweza kupotea, ukuta haupotei."

Walidhani bado wana wiki tatu. Lakini Jumatatu iliyofuata, saa nne asubuhi, Germana aliinama kufagia uani akasikia maji yanamtiririka miguuni.

"Mama! Chupa imepasuka!"

Venance alikuwa Nakonde. Restuta alimpigia, simu haikupatikana. Kwa kitambo kidogo alijiona yuko Itaka tena. Kisha akatazama ukutani, akasoma namba moja moja kwa kidole, akapiga.

"Makene, mwanangu, siku imefika."

"Nakuja, mama. Dakika kumi."

Restuta alibeba begi begani, akamshika Germana mkono. Hakuna aliyetafuta kitu chochote. Teksi ilipofika walikuwa tayari mlangoni.

Barabara kuu ilikuwa imejaa malori. Yalipanga foleni ndefu kusubiri kuvuka mpaka, na hakuna lililosogea. Germana aliuma pindo la khanga.

"Tulia, dada," Makene alisema. "Jana nilipita kukagua njia ya nyuma. Ni mbovu, lakini inafika."

Akakata kona kati ya nyumba. Walirushwa rushwa, wakapita kwenye mashimo, lakini ndani ya nusu saa walikuwa kwenye kituo cha afya.

Jenista hakuwa zamu. Aliyewapokea alikuwa nesi mwingine, kijana, ambaye hakuwahi kumwona Germana.

"Kadi?"

Restuta alifungua mfuko wa mbele, akampa. Nesi akasoma haraka. Uso wake ukabadilika.

"Damu kidogo, na wiki bado hazijatimia. Vizuri kwamba nimejua mapema." Akamwita mwenzake. "Andaa dripu na dawa ya kuzuia damu. Mpelekeni ndani. Mama, glavu mnazo? Za kwetu zimebaki chache."

"Zipo."

Restuta alikaa nje kwenye benchi. Hakuweza kusali kwa maneno. Aliita tu jina la Mungu, akalirudia. Saa sita ikapita. Saa saba ikapita. Saa nane na robo akasikia sauti ndogo, nyembamba, kama ya paka. Akasimama. Sauti ikaongezeka, ikawa kilio chenye hasira. Restuta akashika ukuta, akalia pamoja nayo.

Baadaye walimruhusu kuingia. Germana alikuwa amelala, mnyonge, dripu mkononi.

"Alitokwa na damu kuliko kawaida," nesi alisema. "Tulikuwa tumejiandaa, tukaizuia mapema. Sasa hajambo."

"Na mtoto?"

Nesi akafunua blanketi la njano kidogo. Mtoto alikuwa wa kike, mdogo, amelazwa kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi. Kichwani alikuwa na kofia ya sufu, miguuni soksi. Alikuwa ameshaanza kunyonya.

"Ana kilo mbili na robo. Mtoto mdogo hivi baridi humshika upesi. Nilimkausha kwa khanga moja, nikamfunika kwa nyingine kavu. Hapo kifuani ndipo mahali pake pa joto."

"Nikamwombe mtu maji ya moto nimwogeshe?" Restuta aliuliza.

"Hapana, mama. Leo asiogeshwe. Kesho baada ya saa kama hii, tutaona. Leo ni joto na maziwa tu."

Restuta akakubali. Miaka yote alikuwa anaogesha watoto pale pale wanapotoka. Lakini siku hiyo alikuwa amekuja kujifunza.

Venance alifika jioni mbio mbio, mikono bado ina grisi. Nesi alimrudisha akanawe kwanza. Aliporudi, alimtazama mtoto, akamtazama Restuta, machozi yakamtoka.

"Usilie," Restuta alimwambia. "Mletee mkeo uji."

Walikaa siku nne kituoni, mpaka Germana alipopata nguvu. Nyumbani, majirani walianza kuja kuwapongeza. Jumamosi alikuja Rosemary, mke wa fundi seremala, mwenye tumbo la miezi saba. Alimpakata mtoto kwa woga.

"Mdogo kweli! Ila anapumua vizuri."

"Na wewe umeshaandaa begi?" Restuta aliuliza.

Rosemary akashusha sauti. "Bado, mama. Naogopa. Watu wanasema si vizuri."

Germana alikuwa chumbani, mlango uko wazi kidogo. Alimsikia mama mkwe wake akivuta kigoda, akiketi karibu na Rosemary. Kisha akasikia jambo ambalo Restuta hakuwahi kulisema mbele ya jirani yeyote.

"Mimi nilizaa mtoto wa kwanza Itaka. Wa kiume. Nilikuwa nimempa jina, Barnaba. Nitakuambia alikufa kwa nini."

Alisimulia yote, pole pole, bila kulia. Rosemary alisikiliza, uji ukapoa kikombeni.

"Kwa hiyo nianze na nini, mama?" Rosemary aliuliza.

"Maliza uji. Halafu twende kwako ukanionyeshe kadi yako iko wapi." Germana alisikia kigoda kikisukumwa, na miguu ya watu wawili ikielekea mlangoni. "Na gari je? Mumeo ameshazungumza na nani?"