Alama Tisa za Taras

Ndugu zangu, jambo hili nawaeleza ninyi mliokuwa mkishangilia pamoja nami, maana hadi leo likinijia nikiwa mezani, hamu ya kula inaniisha.

Jumapili ile nyumbani kwa akina Hnatiuk palikuwa shwari. Nje theluji imefika madirishani, ndani jiko linanguruma, na Mama Taras anapakua pirogi, vile vifuko vya unga vya kuchemsha vyenye viazi ndani, pamoja na vitunguu vya kukaanga. Mgeni wao, gari lake jekundu limeegeshwa nje, alikuwa Mzee Tolmie, msaka vipaji wa timu kubwa ya hoki ya barafu. Kwa misimu miwili alikuwa akimfuata Taras, mshambuliaji wa miaka kumi na saba, akiandika kila kitu daftarini: mbio zake, mikono yake, jinsi anavyouona mchezo kabla ya wenzake. Mwezi wa sita timu za kulipwa zingeteua vijana wapya, na Tolmie aliamini jina la Taras lingeitwa mapema.

"Karibu, Mzee Tolmie," Taras alisema, kofia ameivuta hadi kwenye nyusi. "Umefika lini?"

"Sasa hivi tu. Si umenifungulia mlango wewe mwenyewe?"

Wote wakacheka, wakala. Sahani hazijaisha, kijana akainua uso tena, mchangamfu kabisa.

"Ah, Mzee Tolmie! Umefika lini?"

Safari hii alicheka Lorne peke yake, baba yake Taras. "Kichwa chake kishafika uwanjani! Jumamosi wanakuja wakubwa wa timu kumi na mbili, unategemea akumbuke wageni?"

Tolmie akatazama mapazia yaliyofungwa mchana kweupe. "Mama Taras, mbona giza hivi?"

"Mwanga unamuumiza macho. Baba yake anasema ni mafua."

Mafua! Jumatano iliyopita Tolmie alimwona kijana huyu akibamizwa kichwa kwenye ukuta wa uwanja. Lakini Ijumaa daktari wa timu alimpima, akasema yuko sawa. Wenye watoto uwanjani mnakijua kipimo chenyewe: kila mwezi wa tisa mchezaji anakaa kwenye kompyuta, anakumbuka maneno na maumbo, alama zinawekwa. Akigongwa kichwa anarudia, na alama zikilingana na zile za mwanzo, anarudi kucheza.

Taras alipokwenda kujilaza, Lorne alifungua bia ya tatu, akasogeza kiti.

"Nikuibie siri, bwana. Mwezi wa tisa nilimwambia ajibu kama mjinga. Akosee makusudi! Sasa hata agongwe na trekta, alama zitalingana tu. Wazazi wajanja wote tunafanya."

Mama Taras akaweka mwiko chini. "Lorne, uliniambia amepona."

"Atapona mwezi wa sita akishateuliwa."

Tolmie alimtazama mwanamume yule mwenye krimu ya pirogi mdomoni, anayecheka huku mwanawe amelala gizani, akamwona mchafu kuliko zizi.

"Wewe ni baba wa namna gani?"

"Aa, usijifanye malaika!" Lorne akainuka, akabandua karatasi kwenye mlango wa friji. "Kocha alinipa hii. Soma! 'Akigongwa huamka upesi. Ujasiri: tisa kwa kumi.' Nani kaandika? Mimi? Nilimwambia kijana, ukianguka amka haraka, Mzee Tolmie anaandika."

Ulikuwa mwandiko wa Tolmie, ukurasa wa daftari aliompa kocha. Tolmie aliusoma mara mbili, na kinyaa alichokuwa nacho kwa Lorne kikamgeukia yeye mwenyewe. Misimu miwili amempa kijana alama kwa kupigwa.

Mama Taras akamwekea simu mbele ya sahani. "Mpigie daktari, Mzee. Sasa hivi."

"Ukipiga umemwua mwanangu!" Lorne akafoka.

"Nyamaza, Lorne. Nyamaza kabisa," Mama Taras akamwambia.

Msidhani namtetea Tolmie: kidole chake kilisita. Kijana wa namna ile msaka vipaji humpata mara moja maishani, na sifa zote zingekuwa zake. Lakini alipiga, akasema yote, hata kuhusu ile karatasi. Lorne akamfukuza kwake akiwa hajavaa koti.

Jumamosi Taras hakucheza. Sisi tulifanya nini? Tukamnunia Tolmie! Dukani tukampa mgongo, kwa sababu tulitaka mji wetu utajwe kwenye televisheni. Ptuu, naona haya kusema.

Kijana alikaa gizani miezi mitatu. Mwezi wa sita majina yakasomwa, lake halikuwamo. Siku hiyohiyo Tolmie akaja kubisha hodi, hana daftari. Taras akafungua, hana kofia, jua linampiga usoni.

Tolmie akangoja lile swali la "Umefika lini?"

"Mzee Tolmie," kijana akasema, "lile gari lako jekundu liko wapi? Siku ile ya pirogi ulikuja na jekundu."

Mama Taras akajifunika uso kwa aproni, akalia kwa sauti. Lorne alikuwa ghalani, hakutoka.

FUNZO

Mzazi, kichwa cha mwanao si tiketi yako. Ukimfundisha kudanganya daktari, umemfundisha kujiua polepole, na wewe ndiye unayemshikia mkono. Nanyi mnaopima vijana, angalieni mnachokipa alama, maana kuna mtoto anayekisoma. Na sisi tunaokaa majukwaani tukipiga makofi mtoto wa mwenzetu akiinuka anapepesuka, tuache. Inatia kichefuchefu.