Kuku Waliochagua Mahindi

Katika likizo ya Desemba, kazi ya kwanza ya Joyline kila asubuhi ilikuwa kuchanganya madini ya unga na chakula cha kuku. Mama yake aliyanunua katika duka la Mama Linah, hapo Kesses, ili kuku watage zaidi na maganda yawe magumu.

Lakini mayai yalizidi kupungua. Asubuhi hiyo Joyline aliokota moja, likabonyea mkononi.

"Laini tena!" mama alisema. "Wanafunzi wa chuo wanaonunua kwetu wameyakataa. Jumamosi kuku hawa wote wanaenda hotelini."

"Hata kuku wangu Mweupe, Mama?"

"Kwani yeye ale bure? Na huyo Mama Linah ameniuzia vumbi. Leo atanitambua!" Akajifunga leso, akatoka.

Joyline alijaa hasira. Madini alichanganya, maji alibadilisha, banda alifagia. Kuku hawa walitaka nini tena?

Uani, mahindi ya mavuno yalikuwa yameanikwa juu ya turubai. Alitakiwa kuwafukuza kuku wasiyale, lakini kazi hiyo ilimchosha. Kwa hivyo, kila asubuhi aliwarushia mahindi mengi bandani ili washibe watulie, naye akacheze kwa Mercy, jirani yao.

Akayarusha kama kawaida. Kuku wakayavamia wakisukumana. Chombo cha chakula hakikuguswa na hata kuku mmoja. Chakula cha jana kilikuwa bado kimejaa, madini yameganda juu yake.

Basi madini hawakuyala, kwa kuwa walishiba mahindi. Akakimbia, akamfikia mama njiani.

"Mama, usiende! Si Mama Linah. Ni mimi." Akamweleza yote.

Mama alirudi, akatazama chombo, kisha mahindi. "Kumbe nilikuwa naenda kumwaibisha mama wa watu," alisema polepole.

Jumamosi ilipofika, kuku hawakuuzwa. Joyline alikaa juani siku nzima akifukuza kuku, akinung'unika, huku Mercy akimcheka kutoka upande wa pili wa ua. Baada ya majuma kadhaa, mayai yalianza kuongezeka, na maganda yake hayakubonyea tena.

"Mwanangu," mama alimwambia walipokuwa wakiyapanga kwenye trei, "kuchoka si kosa. Ungeniambia umechoka, tungesaidiana. Ulipoficha, mimi nililaumu madini, nikamlaumu mwenye duka, na kuku wakakaribia kuchinjwa. Jambo lililofichwa halina wa kulitengeneza."